Mikeka ya Kipwani

Iko nchi moja, na usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana hata wenyewe ramani yao wameifungia kabatini mpaka bahari iache kuila pembeni. Ni nchi ya amani mno. Ina bendera, ina wimbo, ina wizara arobaini na mbili, na kila wizara ina mlango wa mbele wa kuingilia wananchi na mlango wa nyuma wa kutokea waziri. Watu wake ni wapole. Ukiwakanyaga mguu wanakuomba radhi kwa kuuweka pale.

Watu hao wana desturi yao ya msibani. Mtu akifa, mikeka inatandikwa, watu wanakaa. Siku ya saba anasimama mzee mmoja, wanamwita Msomaji, anataja jina la marehemu na kilichomuua. Fulani bin fulani, kafa kwa homa. Fulani binti fulani, kafa kwa uzazi. Wenzake wanaitikia "tumesikia", mikeka inakunjwa, matanga yameanuliwa, kila mtu kwao. Sharti ni moja tu: sababu iwe ya kweli. Msomaji akidanganya, mkeka haukunjiki. Utauvuta huku, utaukalia kule, utautukana mpaka uishiwe matusi, na mkeka umekakamaa kama ubao. Na mkeka ukibaki chini, marehemu haendi. Anazungukazunguka tu, hana pa kwenda.

Serikali, kwa jinsi inavyowapenda wananchi wake, ikaona desturi nzuri kama hiyo haifai kuachiwa wazee wasio na vyeti. Ikatunga Sheria ya Sababu. Tangu hapo Msomaji akawa mtumishi wa umma, akapewa Orodha Rasmi yenye sababu kumi na tisa za kufa. Nje ya hizo kumi na tisa, hufi. Yaani kujaribu unaweza, ila serikalini hupokelewi. Dereva wa mkubwa mmoja aliwahi kumgonga muuza mihogo mchana kweupe, ikasomwa "kizunguzungu". Mkeka wa msiba ule familia imeufanya mlango wa choo, na muuza mihogo mwenyewe huonekana kando ya barabara na sinia lake, anangoja kuvuka.

Sasa bahari haikuwamo kwenye Orodha. Si kwamba ilisahauliwa, la hasha. Suala la kama bahari inapanda au haipandi lilikuwa bado linajadiliwa na mataifa makubwa, na nchi ile ina adabu. Haiwezi kulowa kabla ya wakubwa kukubaliana kwamba kuna maji.

*

Kipwani kilikuwa kijiji cha wachemsha chumvi. Walichota maji ya bahari, wakayachemsha kwenye masufuria mapana, wakauza kilichobaki. Alhamisi moja ya masika, watu wanakunywa uji, bahari ikaja kijijini yenyewe na haikurudi. Watu mia tatu na kumi na wawili. Waliosalimika ni wanawake waliokuwa wamepanda kilimani kukata kuni za majiko. Waliteremka na mizigo kichwani, wakasimama, kwa sababu hapakuwa tena na mahali pa kuitua.

Wakarudi kilimani, wakatandika mikeka. Siku ya saba Msomaji akafika kwa gari la serikali, akafungua Orodha, akaitazama bahari, akaitazama Orodha, akafunga. "Subirini," akasema, akaondoka.

Wakasubiri. Miaka kumi na mmoja wanasubiri. Wanapika palepale, wanalala palepale, wanagombana palepale, lakini mikeka iko chini. Bi Mafunda, mjane wa Mzee Faki aliyekuwa mkubwa wa majiko yote ya Kipwani, alikuwa ameukalia wake mpaka misuko ya ukili imemchora mapajani. Kila Ijumaa humpigia simu bintiye aliye mjini.

"Mwanakheri, bado?"

"Bado, mama. Mwaka huu tumekaribia sana."

"Magoti yangu hayajui mwaka huu wala mwaka ujao, mwanangu. Nataka kuukunja mkeka wa baba yako kabla hawajaja kunitandikia mimi wangu juu yake."

*

Mwanakheri Faki alikuwa mtoto pekee wa Kipwani aliyesoma mpaka shule ikaisha. Alisomea mahusiano ya kimataifa, na ndani ya hayo akachagua kitu kimoja: namna mataifa yanavyobishana kuhusu hali ya hewa. Na ndani ya kubishana kwao akachagua kitu kidogo zaidi, akakishika kwa meno: mabano.

Usicheke. Kwenye mikutano ile ya mataifa, neno wasilokubaliana halifutwi wala halipitishwi. Linafungiwa ndani ya mabano, linakaa humo hadi mkutano ujao, na ujao, na ujao. Kuna maneno yaliingia humo na wajumbe vijana, leo wajumbe wana mvi. Tasnifu ya Mwanakheri ilionyesha kwa kurasa mia nne kwamba mabano ndiyo yaliyoiokoa dunia na ugomvi. Siku ya kuitetea mbele ya maprofesa watano, mlango wa nyuma ulifunguka akaingia mzee mmoja, kanzu imemganda mwilini, maji yanamchuruzika, akakaa kiti cha mwisho.

Mwanakheri akamtazama. Alikuwa baba yake.

"Shikamoo, baba," akasema, mbele ya maprofesa watano.

"Marahaba, mwanangu. Mikeka bado iko chini?"

Mwanakheri akainamia tasnifu yake. Mwenyekiti wa jopo akaandika: "Swali zuri kutoka kwa hadhira. Mtahiniwa alitafakari kwa kina." Akafaulu kwa heshima. Chini ya kiti cha mwisho kilibaki kidimbwi, na kilipokauka kiliacha chumvi. Mfagizi aliionja akasema ni ya Kipwani kabisa, haijaghushiwa.

*

Baada ya hapo wakawa wanakuja wote. Akifundisha darasa la saa tatu asubuhi, wanafunzi wenye pumzi ni kumi na moja, na nyuma yao watu mia tatu wamekaa kimya, wametota, mikono magotini. Wapo waliokuja na vibakuli vya uji mkononi. Hawakutisha mtu. Hawakupiga kelele, hawakuchelewa, hawakusinzia. Kipindi kikiisha husimama, na mmoja wao huuliza lile swali moja la mikeka, kisha hutoka kwa foleni, wazee mbele.

Chuo Kikuu kilifurahi ajabu. Ni nani mwingine aliyekuwa akijaza ukumbi? Akapandishwa cheo, akapandishwa tena. Mwisho habari zikamfikia Mheshimiwa Mbaruku Zungo, Waziri wa Hewa na Itifaki, mtu mnene wa maneno, ambaye hata kupiga chafya huanza na "ndugu wananchi".

"Daktari," Mheshimiwa akamwambia, "hawa watu wako ni hazina. Mikutano yetu haitimizi akidi. Wajumbe wakishakunywa chai wanatoweka. Hawa hawanywi chai?"

"Hawanywi, Mheshimiwa. Ni marehemu."

"Hilo lisikusumbue, tutawapa vitambulisho vya Mwangalizi."

Na kweli wakapewa, vya kuning'iniza shingoni, kila mmoja na jina lake. Hivyo nchi ile ikawa nchi pekee yenye ukumbi uliojaa mwanzo hadi mwisho, ikasifiwa na mataifa kwa kuwashirikisha walioathirika. Kifo chenyewe kilikuwa bado hakijatambuliwa, lakini ushiriki wao ulikwisha tambuliwa.

Mwanakheri alizoea kila kitu isipokuwa kumtazama baba yake. Akiandika ubaoni huipa kisogo kona ile. Nyumbani alitandaza magazeti mlangoni, maana asubuhi akifungua hukuta nyayo zimeganda nyeupe kizingitini, nyayo za mtu aliyesimama muda mrefu bila kubisha hodi. Alizifagia mwenyewe. Akijua anafagia nini.

*

Kwa sababu, jamani, lilikuwapo jambo ambalo halikuandikwa kwenye tasnifu.

Mkutano wa kwanza wa Hewa ulifanyika miezi miwili kabla ya ile Alhamisi. Mwanakheri alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, kaandikwa kazi ya kunakili. Mezani kukafika sentensi moja fupi: wakazi wa Kipwani wahamishwe mara moja. Mjumbe mmoja akakunja uso kwa ajili ya neno "mara moja", mwingine akauliza hiyo Kipwani ndiyo nini. Sentensi ikawa inakaribia kufutwa. Yule msichana akanyoosha mkono, moyo unamdunda kwa bidii ya kazi mpya, akasema, "Waheshimiwa, tuiweke kwenye mabano. Tusije tukaipoteza."

Ukumbi mzima ukampigia makofi. Ikaandikwa: [wakazi wa Kipwani wahamishwe mara moja]. Alitoka pale anajiona ameokoa kijiji chake.

Jioni akapiga simu nyumbani. Baba yake akamwambia bahari imeshafika kwenye jiko la tatu, watu wamefunga mizigo, kesho wanapanda kilimani.

"Msihame, baba!" Alipiga kelele kabisa. "Mkihama wenyewe hamtahesabiwa kuwa mmehamishwa, mtakosa viwanja. Sentensi yenu iko kwenye mabano, mkutano ujao inatoka. Ngojeni kidogo tu."

"Maji yameingia jikoni, mwanangu."

"Baba, niamini. Mimi ndiyo kazi yangu hii."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Na Mzee Faki, mkubwa wa majiko, ambaye neno lake halikurudishwa na mtu, akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wafungue mizigo.

Mwanakheri hakumwambia mtu yeyote. Alijipa matumaini kwamba akilisukuma lile neno "bahari" likaingia kwenye Orodha, Msomaji atasoma, mikeka itakunjwa, na simu ile itazama na waliozama. Kila mwaka alisukuma. Kila mwaka neno lilirudi mabanoni, na yeye akapewa cheo.

*

Mkutano wa kumi na mbili ukaletwa mji mkuu wa nchi ile ile. Mheshimiwa Zungo akamwita Mwanakheri ofisini, uso unang'aa.

"Binti yangu, tumeshinda! Mataifa makubwa yamekubali kuongeza sababu ya ishirini kwenye Orodha yetu. Kwa masharti madogo tu ya lugha."

"Wamekubali bahari?"

"Wamekubali unyevu."

"Unyevu, Mheshimiwa?"

"Unyevu uliozidi. Bahari wanaona ni neno kali, linanyooshea mtu kidole. Utasoma wewe mwenyewe, majina yote mia tatu na kumi na wawili, redio ya taifa itarusha. Ukimaliza natangaza Kigoda cha Mabano pale Chuo Kikuu, nawe ndiye wa kwanza kukikalia, mpaka ufe." Akafikiri kidogo. "Kwa sababu itakayokubalika."

Ijumaa hiyo mama yake alipopiga, sauti ilikuwa nyembamba.

"Wamesema utasoma wewe. Redio tumeipatia betri mpya. Mwanakheri, sikiliza. Mkeka usipokunjika safari hii, mimi sitausubiri wa mwakani. Nasikia mwilini."

"Utakunjika, mama," Mwanakheri akasema. Akakata simu akaketi sakafuni.

*

Siku ikafika. Saa nne asubuhi, ukumbi una mapazia mekundu na maua ya plastiki. Mbele wajumbe na visikilizio vyao, nyuma Waangalizi mia tatu na kumi na wawili. Mheshimiwa Zungo akafungua.

"Ndugu wajumbe, ndugu wananchi, ndugu Waangalizi! Serikali yangu haiogopi bahari. Bahari ndiyo inayopaswa kujieleza! Tuliunda kamati ya kuisikiliza, tukaiandikia barua tatu, haikujibu hata moja. Na pale ilipofika, haikufuata utaratibu!"

Makofi. Mwanakheri akapanda jukwaani na karatasi zake, zilizokuwa zimeota chumvi pembeni. Akaanza na jina la kwanza, mwalimu wake wa madrasa.

"Ustadh Khatibu Mshindo. Kafa kwa unyevu uliozidi."

Hakuna aliyeitikia. Ustadh Khatibu alibaki amekaa, anamtazama kwa upole, kama alivyomtazama zamani akikosea kusoma. Kisha sakafu ikaanza kulowa. Maji yalitoka chini ya viti vya nyuma, membamba, yakaja mbele polepole. Wajumbe wakainua miguu. Mmoja akainua na mkoba.

"Endelea," Mheshimiwa akanong'ona, huku anakunja suruali.

Mwanakheri akaikunja ile karatasi. "Ustadh Khatibu Mshindo. Kafa kwa bahari."

Wajumbe wakaguna kwa lugha kumi na saba. Mwenyekiti wa mkutano akagonga rungu. Lile neno alilolipigania maisha yake yote lilikuwa limesemwa hadharani, redioni, na halikufanya kitu. Ustadh alibaki amekaa. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu.

Ndipo baba yake akasimama, kule mwisho, kitambulisho chake kinaning'inia.

"Mwanangu," akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililomvunja, kwamba hakuwa na hasira hata chembe. "Mikeka bado iko chini?"

"Iko chini, baba." Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya tasnifu alimtazama usoni. Alikuwa amezeeka kidogo kuliko alivyomkumbuka. Hata kufa kumbe kunachosha. "Iko chini kwa sababu yangu."

"Daktari, muda wako!" akafoka Mheshimiwa.

"Bahari ilikuja," Mwanakheri akasema kwenye kipaza sauti, "lakini kwanza ilikuja taratibu, miezi miwili mizima, na miguu walikuwa nayo. Mizigo ilikuwa imefungwa. Mimi niliiweka sentensi yao kwenye mabano, nikapata makofi. Mimi nilipiga simu nikawaambia wangoje." Akamgeukia mwalimu wake. "Ustadh Khatibu Mshindo. Kafa kwa kungojeshwa."

"Tumesikia," wakaitikia watu mia tatu na kumi na mmoja.

Ustadh akainuka, akakung'uta kanzu, kanzu ikawa kavu. Akavua kitambulisho, akakiweka juu ya kiti kwa uangalifu, akatoka.

Wakazima kipaza sauti. Akasoma kwa sauti yake. Wakazima taa, lakini ilikuwa saa nne, jua lilipita juu ya mapazia. Akasoma. Mwanasha Ngwali, kafa kwa kungojeshwa. Mtoto wa Mwanasha, hajapewa jina, kafa kwa kungojeshwa. Alilia waziwazi, kamasi na yote, na hakuruka hata mmoja. Kila jina kiti kikabaki kitupu, na sauti inayoitikia ikapungua, ikapungua, hadi ikawa ya mtu mmoja.

"Mzee Faki Mwadini," akasema. "Baba yangu. Kafa kwa kunisikiliza mimi."

"Nimesikia," akasema baba yake.

Alikiweka kitambulisho kitini. Mlangoni akageuka, akamwangalia kama mtu anayetaka kukumbusha jambo dogo la nyumbani, kisha akaona halina haja, akaenda zake.

*

Mwenyekiti akagonga rungu. Alitangaza kwamba kwa kuondoka kwa Waangalizi akidi imevunjika, kwa hiyo kilichosemwa hakikusemwa. Mjumbe mmoja akapinga, akisema kilisemwa lakini isivyo rasmi. Wakabishana hadi chakula cha mchana, wakaafikiana: kauli ya Dkt. Mwanakheri Faki iingie kwenye kumbukumbu, ndani ya mabano. Mheshimiwa Zungo akatangaza mkutano umefanikiwa kuliko yote. Kigoda akapewa mpwa wake, kijana aliyesomea mapambo ya keki.

Mwanakheri aliketi kwenye ngazi za nje, viatu vimelowa. Simu ikalia. Haikuwa Ijumaa. Aliiangalia ikilia kwa muda mrefu, kwa sababu redio ya taifa ilirusha kila kitu mpaka walipokumbuka kuizima, na mama yake alikuwa na betri mpya.

"Mama," akasema. "Mama, nisamehe. Ni mimi niliyemwambia—"

"Najua."

"Umesikia redioni."

"Nimejua tangu siku ile ile, wewe mtoto. Baba yako alikuwa jikoni, mikono imejaa chumvi. Unadhani simu alishikiwa na nani sikioni?"

Mwanakheri akasimama pale ngazini.

"Miaka kumi na mmoja, mama? Kila Ijumaa unaniuliza bado, na unajua?"

"Nilikuwa nakuuliza wewe. Sikuwa nauliza mkutano." Akakohoa kidogo. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake, na ukili unaokwaruza chini. "Sasa acha kulia. Wenzangu wote wameshakunja. Huu wa baba yako nimewaambia wasiuguse. Panda gari uje tuukunje, mimi peke yangu siuwezi."